Somo la Kila Mwanafunzi: Safari ya Kozi za Pamoja hadi Garissa

Mwaka wa 1967 mji wa Arusha ulitoa hati mbili. Ya kwanza, ya mwezi wa Februari, inajulikana na kila aliyepitia darasa la historia Afrika Mashariki: Azimio la Arusha, lililoiweka Tanzania kwenye njia ya Ujamaa na Kujitegemea. Ya pili ilitiwa saini mwezi wa Oktoba, na leo haitajwi sana nje ya kaskazini mwa Kenya. Hiyo ni hati ya maelewano kati ya Rais Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal, huku Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Ndiyo iliyofungua njia ya kuzima vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilivyokuwa vikiwaka Garissa, Wajir na Mandera tangu 1963.

Azimio la Februari lilizaa somo la chuo kikuu. Maelewano ya Oktoba yaliuacha mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Somo hilo na mkoa huo vilichukua miaka 44 kukutana.

Somo lenyewe lilianza kwa ugomvi. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwapeleka kwa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa na kuwakata sehemu kubwa ya mshahara wakiwa huko. Bango moja lilidai kwamba hata enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Papo hapo akatangaza kwamba mishahara ya vigogo wa serikali ingepunguzwa, kuanzia wa kwake.

Wanafunzi walifika makwao, lakini swali lilibaki chuoni. Kijana anayesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba anajua nini juu ya mkulima huyo? Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio, chuo kiliitisha mkutano wa kujadili wajibu wake katika Tanzania ya kijamaa. Likaibuka pendekezo kwamba kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa sayansi au wa fasihi, asome kozi ya pamoja kuhusu jamii na uchumi wa Afrika Mashariki. Walimu walivutana kwa miaka kadhaa juu ya nani aifundishe na kwa mrengo gani. Mwaka wa 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na somo likapata nyumba yake.

Wazo la kumfundisha mwanafunzi mambo yaliyo nje ya fani yake halikuzaliwa Dar es Salaam. Columbia ya New York ilianza kozi ya lazima ya ustaarabu mwaka wa 1919, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Uingereza, chuo cha Keele kilifunguliwa 1950 na kikamtaka kila mwanafunzi aanze kwa mwaka mzima wa masomo ya jumla. Nigeria, Chuo Kikuu cha Nsukka kilifunguliwa 1960 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, kikaweka masomo ya jumla kwa wote. Lakini kwingineko shabaha ilikuwa kumpanua msomi mwenyewe. Dar es Salaam iliuliza msomi huyo ana deni gani, na kwa nani. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo iliyovuka mpaka kuingia Kenya, ingawa kwa sauti ya chini zaidi.

Kenya ilikuwa imekwisha chagua njia yake. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ulioandikwa kwa jina la Ujamaa wa Kiafrika, ulieleza kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye ardhi yenye rutuba, mvua ya kutosha na barabara, ili faida ya huko ije isambae kwingine. Kwa mtu wa Garissa maana yake ilikuwa wazi. Mvua hakuna, reli hakuna, barabara ya lami hakuna, kwa hiyo subiri. Tena subira hiyo haikuwa mpya. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria ya 1902 na nyingine ya 1934, mtu asiingie wala kutoka bila kibali, na shule ilikuwa jambo la mwisho ililolifikiria. Watoto walikuwa na duksi, wakijifunza Kurani kwa ubao wa mbao chini ya mti, na duksi iliweza kuhama na ngamia. Shule ya serikali haikuweza.

Mwaka wa 1981 Rais Daniel arap Moi aliteua jopo la kuchunguza namna ya kuanzisha chuo kikuu cha pili, likiongozwa na Mkanada Colin Mackay. Ripoti yake iligeuza elimu ya Kenya juu chini. Ilipendekeza mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, na ikataka chuo kipya kijengwe mashambani, kiwe na mwelekeo wa sayansi na teknolojia, na kimwandae mhitimu anayefahamu maendeleo ya vijijini. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1984 karibu na Eldoret, kwa wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. Taaluma za Maendeleo zikawa miongoni mwa masomo ya kila mwanafunzi. Miaka michache baadaye wanafunzi wake wa udaktari nao wakaanza kutumwa kwenye vituo vya afya vya vijijini, kuishi na kujifunza huko kama sehemu ya digrii.

Katika mwaka huohuo wa 1984, mwezi wa Februari, maelfu ya wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakashikiliwa siku kadhaa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Wenyeji wamekuwa wakihesabu kwa mamia na zaidi, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililieleza tukio hilo kwa kirefu katika ripoti yake ya 2013. Kuyataja mambo haya mawili pamoja kunauma, lakini ni lazima. Nchi iliyokuwa ikiandaa somo la maendeleo kwa wasomi wake ilikuwa na pembe ambayo haikuingia kwenye mtaala kwa njia yoyote, wala kama maendeleo wala kama historia.

Kilichozipa nafasi kozi za pamoja katika vyuo vyote vya umma kilikuwa hesabu ya miaka. Kabla ya 8-4-4, mwanafunzi alimaliza kidato cha sita, akaingia chuo kikuu kwa miaka mitatu na kubaki ndani ya fani yake tu, kwa desturi ya Kiingereza. Waliofanya mtihani wa kwanza wa KCSE, wa kumaliza sekondari chini ya mfumo huo mpya, mwaka wa 1989 hawakupitia kidato cha tano na cha sita. Walipoingia vyuoni 1990, wakati mmoja na kundi la mwisho la mfumo wa zamani, digrii ilikuwa imeongezwa mwaka mmoja ikawa ya miaka minne. Mwaka huo wa ziada ulipaswa kujazwa. Ukaja wakati wa Stadi za Mawasiliano, za kumfundisha kijana kusoma kitabu kizito, kuandika insha ya kitaaluma na kusema mbele ya watu. Nairobi iliongeza misingi ya falsafa, sheria katika jamii na mengineyo. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa, na baada ya muda mfupi somo la ukimwi likawa la lazima karibu kila chuo.

Ubaya ni kwamba idadi ya wanafunzi ilikua haraka kuliko idadi ya walimu. Kozi za pamoja zilisukumwa kwenye kumbi kubwa, mhadhiri mmoja mbele ya mamia. Waliokosa viti walisimama dirishani, na notisi zilinakiliwa kutoka mwaka hadi mwaka bila kubadilika neno. Mwanafunzi alizoea kuiona yuniti hiyo kama kizuizi cha kuruka ili afike kwenye masomo yake halisi. Uhuru wa kuchagua nao ulikuwa mdogo sana. Katika vyuo vichache vya kibinafsi, kama USIU ya Nairobi yenye asili ya Kimarekani, mwanafunzi alipewa orodha ya masomo ya jumla achague, na akatakiwa pia kuitumikia jamii kama sehemu ya digrii. Kwenye vyuo vya umma alipangiwa, akakaa, akafanya mtihani, akasahau. Hasara hiyo haipimiki kirahisi, kwa sababu inayopotea ni saa pekee ambazo mwanafunzi wa biashara na wa hisabati wangelazimika kujadili nchi yao wakiwa chumba kimoja.

Garissa haikuwa na chuo kikuu wakati huo wote. Ilikuwa na chuo cha walimu pembezoni mwa mji. Waliosomea huko walikuwa walimu wa shule za msingi, na mtaala wao ulikuwa mpana kwa lazima. Mwalimu wa shule ya mbali, ambako pengine wako wawili au watatu kwa madarasa yote, hana anasa ya kusema hajui sayansi au hajui Kiswahili. Vyuo vikuu vingejifunza kitu kutokana na desturi hiyo. Elimu ya jumla haikufundishwa hapo kama nyongeza, maana kazi yenyewe iliidai.

Mwaka wa 2011 chuo hicho kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha umma katika mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki, na mkuu wake alikuwa Profesa Ahmed Osman Warfa. Kwa kuwa kilikuwa mtoto wa Moi, kilifundisha mtaala wa Moi: Stadi za Mawasiliano, Taaluma za Maendeleo, ukimwi. Wanafunzi waligawiwa na bodi ya pamoja ya vyuo vya umma kutoka pande zote za Kenya. Wengi walikuwa hawajawahi kuvuka daraja la Mto Tana.

Huo ndio wakati somo lilipokutana na mahali pake. Mwaka huohuo ukame mkali uliwasukuma maelfu kwa maelfu ya Wasomali kuvuka mpaka, na kambi za Dadaab, yapata kilomita 100 kutoka mjini Garissa, zikafika karibu watu nusu milioni. Soko la mifugo la Garissa, moja ya makubwa zaidi Afrika Mashariki, lilikuwa mwendo mfupi kutoka darasani. Mwezi Novemba serikali ikaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, na mwaka uliofuata ukatoka Waraka wa Bunge Nambari 8 wa 2012 kuhusu kaskazini mwa Kenya na maeneo mengine makavu. Kwa kutamka kwamba ufugaji ni uchumi na kwamba maeneo hayo yanastahili uwekezaji, uliipinga fikra ya 1965. Waraka huo ulitoka katika wizara iliyoongozwa na Mohamed Elmi, mwana wa Wajir. Mhadhiri wa maendeleo anayetaka kuwasomesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza nyaraka mbili zinazopingana angeweza kuziweka hizo mezani, kisha akawapeleka sokoni wakaulize bei ya ngamia.

Hata amani ilikuwa na walimu wake wa kienyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wajir zilipokuwa zikiuana, kundi la wanawake wakiwemo wachuuzi wa sokoni lilianza kupatanisha watu. Mmoja wao, Dekha Ibrahim Abdi, aliendelea na kazi hiyo hadi akapewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007. Alifariki 2011, mwaka uleule chuo kilipofunguliwa. Njia waliyoitumia, ya kuwaleta pamoja wazee, wanawake, vijana na maafisa wa serikali katika kamati moja, ilienea wilaya nyingine za Kenya. Hilo ni somo la jumla lililokomaa, lenye mwanzo, mbinu na matokeo.

Kisha likaja giza. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa na wapiganaji wa kundi la al-Shabaab la Somalia, na abiria 28 wasio Waislamu wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Walimu kutoka nje ya eneo hilo walikataa kurudi, na shule nyingi zikabaki bila walimu. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wa kundi hilo wenye bunduki waliingia chuoni Garissa. Wanafunzi Wakristo waliokuwa wakisali katika chumba cha mihadhara walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Wauaji wakaingia mabwenini, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao. Jioni ilipofika walikuwa wamekufa watu 148, kati yao wanafunzi 142.

Chuo kilikuwa na wanafunzi wapatao 800. Walionusurika wengi walipelekwa Eldoret kumalizia masomo katika bewa kuu la Moi, na Garissa ikafungwa. Serikali ilitoa tamko kwamba Dadaab ifungwe ndani ya miezi mitatu, jambo ambalo halikutimia. Januari 2016 chuo kilifunguliwa tena, kikiwa na kituo cha polisi ndani ya ua, na wanafunzi wachache sana, wengi wao wa Garissa na kaunti jirani. Ukumbi uliokuwa ukikusanya vijana kutoka pembe zote za nchi sasa ulikuwa na sura za upande mmoja. Hapo ndipo mtu anaona kozi ya pamoja ilikuwa nini. Thamani yake haikuwa kwenye notisi peke yake. Ilikuwa kwenye nani anakaa kando ya nani wakati zinasomwa, na wauaji walilenga ukaribu huo hasa.

Upande wa Dadaab, elimu ya jumla ilikuwa tayari imeshika njia nyingine. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua bewa mjini Dadaab mwaka wa 2012. Mwaka wa 2013 ukaanza mradi uitwao BHER, ukiunganisha Chuo Kikuu cha York na cha British Columbia vya Kanada pamoja na Kenyatta na Moi, kwa fedha za serikali ya Kanada. Shabaha ilikuwa kuwapa elimu ya juu walimu wanaofundisha katika shule za kambini, wakimbizi pamoja na wenyeji wanaoishi jirani nao. Mwalimu aliweza kuanza na cheti, akapanda hadi diploma, kisha digrii, na kila hatua ikahesabiwa hata kama angekatizwa njiani. York inamtaka kila mwanafunzi wa digrii ya kwanza asome masomo ya jumla nje ya fani yake, na digrii za York zilizosomwa Dadaab, kama ile ya jiografia, zilikuwa digrii zilezile za bewa lake la Toronto. Mihadhara ilikuja kwa intaneti, na wakufunzi wakawa kituoni. Mwaka wa 2018 York ikaongeza Shahada ya Uzamili ya Elimu.

Mtu aliyezaliwa kambini Ifo au Hagadera haruhusiwi kutembea Kenya atakavyo. Kibali kinatakiwa. Darasa la jiografia kwa mtu wa namna hiyo lina uzito ambao mwanafunzi wa Toronto hawezi kuukadiria, na ni vigumu kumwambia kwamba masomo ya nje ya fani ni mapambo. Walimu waliohitimu walirudi kwenye madarasa ya kambini, na wengine wakachukuliwa na mashirika au wakahamia nchi nyingine.

Oktoba 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliipa Garissa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Maana ya hati hiyo kwa mtaala ni kubwa kuliko ilivyosemwa kwenye sherehe. Seneti ya Garissa haihitaji tena kuazima orodha ya kozi za Eldoret. Inaweza kuamua, yenyewe, kila mwanafunzi wake asome nini kabla ya kupewa digrii. Ripoti ya Tume ya Ukweli ipo. Historia ya sheria za mpaka wa kaskazini ipo. Mbinu za kamati za amani za Wajir zimeandikwa. Takwimu za ukame hutolewa kila mwezi kwa kila kaunti kavu. Na wanafunzi wa Kitui, Kisii na Bungoma waliorudi polepole kupitia mfumo wa taifa wa kugawa nafasi wanastahili kuondoka Garissa wakijua mambo ambayo mwenzao wa Nairobi hatayajua, ilhali mwanafunzi wa Mandera anastahili kuyakuta mambo ya kwao kwenye kitabu cha kozi, yakiwa na tarehe na majina.

Muda wa kufanya uamuzi huo ni mfupi. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya kumi Januari 2026. Watamaliza gredi ya kumi na mbili mwishoni mwa 2028 na kufika vyuoni 2029. Mfumo wao ni 2-6-3-3-3, na tarakimu ya mwisho ndiyo inayohusu jambo hili: digrii nyingi zinarudi kuwa za miaka mitatu. Ule mwaka wa ziada ulioletwa na 8-4-4, uliozipa kozi za pamoja mahali pa kukaa tangu 1990, unaondoka. Kila idara italinda masomo yake, na ni rahisi kutabiri yuniti zipi zitawekwa mezani kwanza za kupunguzwa. Seneti ya Garissa itakuwa na orodha fupi ya kozi za pamoja, pengine tatu, pengine mbili, na itabidi iseme kwa maandishi ni zipi zinabaki na zitafundishwa kwa vitabu vya wapi.